Yote haya kwa ajili ya soseji

Jana usiku nimerudia kutazama episodi ya kwanza ya Nichijou. Hadithi naijua, vichekesho vyake navijua, hata mahali pa kucheka napajua kabla hapajafika. Safari hii nilikaa kuangalia uchoraji tu, na nikalala saa ambayo mtu mwenye kazi asubuhi hapaswi kulala.

Kwa wasioijua: Nichijou ilianza mwaka 2006 kama manga, yaani vibonzo vya Kijapani, ya Keiichi Arawi, kisha studio ya Kyoto Animation ikaifanya anime, yaani katuni ya Kijapani, ya episodi 26, zilizorushwa Japani kuanzia Aprili hadi Septemba 2011 chini ya mwongozaji Tatsuya Ishihara. Wahusika ni wasichana watatu wa sekondari, Yuuko, Mio na Mai. Upande mwingine kuna nyumba ya profesa ambaye ni mtoto wa miaka minane, anayeishi na Nano, roboti aliyemtengeneza mwenyewe. Nano ana ufunguo mkubwa mgongoni na kilio chake kikuu maishani ni kwamba profesa akubali kuutoa. Profesa hataki, anauona mzuri. Badala yake anazidi kumwongezea vikorombwezo, kiasi kwamba mkono wa Nano unafunguka na ndani yake kuna keki. Ndiyo hivyo. Hakuna adui wa kushindwa wala hazina ya kutafutwa.

Kisa chenyewe ninachotaka kukiandika ni cha soseji. Yuuko yuko darasani na wenzake, muda wa chakula cha mchana. Kwenye bento yake, kile kisanduku cha chakula, kuna soseji ndogo ya aina ile ambayo wapishi wa Kijapani huichana upande mmoja kabla ya kuikaanga, ili ikipata moto vipande vijikunje kwa nje na kuonekana miguu ya pweza. Anainyanyua kwa vijiti vya kulia. Inateleza.

Sasa katuni nyingine ingefanyaje? Ingemwonyesha Yuuko mdomo wazi, soseji chini, mlio wa "pu", tukaendelea. Sekunde tatu zingetosha. Hawa wamekataa. Soseji ikishaponyoka, muda unavutwa, sauti za darasa zinapotea, na msichana ambaye dakika moja nyuma alikuwa kichwa cha mviringo na mistari michache anageuka kuwa mwili wenye uzito, wenye mabega na viungo, unaojirusha kuokoa kitu chenye urefu wa kidole gumba. Kamera inamzunguka. Uso umekaza, macho yamekodoka, na kila sehemu ya mwili inafanya kazi yake: bega linatangulia, kiuno kinafuata, vidole vinafika mwisho. Mwisho wa soseji siusemi. Mtu akautazame mwenyewe.

Kinachonichekesha pale ni kwamba mchoraji hatukonyezi hata mara moja. Hakuna mahali anapotuambia "jamani, huu ni utani." Amechora kwa dhati ileile ambayo angeitumia kuchora mtu anayemwokoa mtoto anayetumbukia kisimani. Nadhani hapo ndipo penye siri ya episodi nzima: jambo likizidi kuwa dogo, kazi ya mkono inazidi kuwa kubwa. Ukitoa dhati hiyo, soseji inabaki soseji.

Na kazi yenyewe si ya mchezo. Picha za filamu huenda fremu 24 kwa sekunde. Katuni nyingi za televisheni za Japani hazichori zote hizo: mchoro mmoja hushikiliwa kwa fremu mbili au tatu, kwa hiyo sekunde moja inapata michoro 12 au 8, na mhusika akiwa anaongea tu, mara nyingi ni mdomo unaobadilika huku kichwa kimetulia tuli. Desturi hii ya kubana ilishika mizizi mwaka 1963, mchoraji Osamu Tezuka alipoanza kurusha katuni yake Tetsuwan Atomu kila wiki kwa bajeti finyu. Watu huizungumzia kama umaskini, na kweli ilianza kwa umaskini. Lakini wachoraji wa vichekesho waligeuza ufinyu huo kuwa silaha. Mtazamaji ameshazoea kwamba katika katuni ya aina hii watu hawasogeisogei sana. Ghafla mmoja anasogea kikweli, kwa michoro mingi, na kwa sababu ya kipuuzi kabisa. Mwili wako unashtuka kabla akili haijaelewa kwa nini.

Nilisimamisha video nikaanza kuisogeza fremu moja moja. Ndugu zangu, jaribuni siku moja. Kwenye mwendo wa kasi wa namna hii utakutana na michoro ambayo ukiitazama peke yake utasema aliyeichora alikuwa amelewa: mkono umevutika mpaka umekuwa utepe, jicho moja limeteremka shavuni, vidole vimeungana vikawa doa moja la rangi. Halafu fremu inayofuata kila kitu kimerudi mahali pake, nadhifu. Video ikienda kwa kasi yake ya kawaida huoni utepe wala doa. Unaona mkono umekwenda haraka, basi. Kumbe mchoraji amekosea kwa makusudi, tena amejua akosee kiasi gani na akosee kwa muda gani, kwa sababu fremu moja zaidi ya hapo jicho lingelinasa kosa.

Hilo linawezekana kwa sababu wahusika wa Arawi ni wepesi kuchora. Vichwa vya mviringo, macho makubwa ya duara, nguo bila mikunjo mingi. Uso wenye mistari michache unavumilia kuvutwa, kukandamizwa, kugeuzwa, na bado tunamtambua Yuuko ni Yuuko. Ukimchora mtu kwa nywele elfu na vivuli vya shingoni, kila ukimsogeza unalazimika kuvisogeza vyote hivyo. Sisi tuliokua tukisoma vibonzo vya magazetini tunaijua lugha hii tangu zamani: matone ya jasho yanayorukia pembeni ya kichwa, mistari ya kasi nyuma ya anayekimbia. Wajapani wameongeza ya kwao, ule mshipa wa hasira unaochorwa kama msalaba kwenye paji la uso, michirizi ya wima inayoshuka usoni kwa mtu aliyenyongea, macho yanayogeuka meupe kabisa. Alama zote hizo Nichijou inazo, ila inazitumia kwa ubahili kidogo. Ikitaka kuonyesha mshtuko wa kweli inaachana na alama, inabadilisha uchoraji wenyewe.

Upande wa pili wa sarafu ni kutulia, na hapa nadhani watu hawawapi sifa ya kutosha. Kwenye episodi hiyohiyo kuna mahali Yuuko anajitahidi kuwachangamsha wenzake, na Mai hajibu. Anamtazama tu. Uso wa Mai ni miwani, mdomo wa kistari, basi, na wanauacha pale kwenye skrini bila kusogea, kwa muda unaokaribia kukera. Kisha vitu vinaanza kumdondokea Yuuko kichwani kutoka angani, kimoja baada ya kingine: mwanasesere wa mbao wa kokeshi, kisha yule ng'ombe mwekundu anayetikisa kichwa aitwaye akabeko, kisha samaki mzima, samoni. Hakuna anayeeleza. Kinachochekesha ni nafasi iliyo kati ya kimoja na kingine. Ukiipunguza kidogo, inakuwa fujo. Ukiiongeza, tunachoka. Kuna mtu studioni alikaa na karatasi ya muda akaamua samaki aanguke sasa, na aliamua vizuri.

Mdogo wangu alipita sebuleni nikiwa kwenye samaki huyo. Yeye ni mtu wa anime za ngumi, zile za mtu kupiga kelele dakika nzima ndipo nywele zibadilike rangi.

"Dada, hii haina stori."

Nikamwambia akae. Nikaruka mbele hadi kile kipande maarufu cha episodi ya baadaye, cha mwalimu mkuu na kulungu. Mwalimu mkuu ni mzee mpole wa suti na masharubu. Anakutana na kulungu uwanjani pa shule, na kinachofuata ni mieleka, mieleka kamili, imechorwa kwa uzito na mizania kiasi kwamba unaona miguu ya mnyama ikikosa pa kukanyaga, mpaka mzee anamkumbatia kulungu kiunoni na kumbwaga kinyumenyume kama wafanyavyo wanamieleka wa ulingoni. Mdogo wangu akanyamaza. Akaomba nirudishe. Akasema, "Hawa wamechora vizuri kuliko ngumi zangu," halafu akajuta kuyasema, nikamwona kabisa. Stori bado hakukubali kwamba ipo, na kusema kweli haipo.

Swali lililonikaa ni hili: nani anaruhusu fedha na muda vitumike hivi? Kyoto Animation ipo Uji, mkoani Kyoto, mbali na Tokyo ambako studio nyingi zimejazana. Ilianzishwa mwaka 1981 na Yoko Hatta na mumewe Hideaki, ikianza na kazi za kupaka rangi michoro ya studio nyingine. Katika tasnia ambayo wachoraji wengi hulipwa kwa idadi ya michoro, wao walijulikana kwa kuajiri watu kwa mshahara na kuwafundisha wenyewe ndani. Mtu anayelipwa kwa mchoro ana kila sababu ya kuimaliza soseji haraka aende kwenye mchoro unaofuata. Mwenye mshahara anaweza kuiharibu, akaichora upya, akamwonyesha mwenzake wa meza ya jirani wakacheka, akaichora tena. Haya ya mwisho ni mawazo yangu tu, lakini kicheko hicho nakiona kwenye mistari.

Kibiashara haikuwalipa. Mauzo ya diski za Nichijou kule Japani yalikuwa madogo, na sifa kubwa ya anime hii imekuja baadaye, sehemu kubwa kutoka kwa watazamaji wa nje waliosambaza vipande vyake mtandaoni. Huyo kulungu ameshazunguka dunia nzima, wengi wanaomjua hawajui hata ametoka wapi.

Aliyewabuni upya wahusika hawa kwa ajili ya anime, akahakikisha Yuuko wa episodi moja ni yuleyule wa nyingine, ni Futoshi Nishiya. Tarehe 18 Julai 2019 mtu mmoja aliichoma moto Studio 1 ya kampuni hiyo mjini Kyoto. Watu 36 walifariki, Nishiya akiwa mmoja wao. Nimewahi kufikiri kwamba nikijua hilo sitaweza kucheka tena. Nacheka. Mtu aliyeipa soseji heshima ile alitaka tucheke, na sioni namna nyingine ya kumwonyesha kwamba tumeiona kazi yake.

Nisiisifie kupita kiasi. Kuna vipande vinavyonipita kabisa, hasa vinavyochezea matamshi ya Kijapani, ambapo maandishi ya chini ya skrini yanahangaika na mimi nasubiri yapite. Kuna vingine virefu kuliko utani wenyewe, na mambo ya nyumbani kwa profesa yanategemea sana kama unavutiwa na mtoto anayelilia vitafunwa. Mimi navutiwa nusu. Na si kila dhati inachekesha. Kuna mahali pengine wanapochora kwa nguvu zote na jambo halikustahili hata huo utani, ukabaki unatazama ufundi mtupu.

Mwaka 2025 studio hiyohiyo imerudi kwa Arawi na manga yake nyingine, City, safari hii chini ya mwongozaji Taichi Ishidate. Nimeigusa kidogo. Rangi ni za kung'aa zaidi, mistari minene, na watu wanatembea kwenye skrini kana kwamba kila mmoja amepewa mchoraji wake. Bado sijaamua kama inanichekesha kuliko Nichijou au inanishangaza tu, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Kama mna faili lenyewe kwenye kompyuta na mnatumia VLC, ile programu ya kutazamia video, simamisheni video kisha mbonyeze herufi E. Inasogea fremu moja moja kwenda mbele. Kurudi nyuma kwa namna hiyo ni taabu, kwa hiyo anzeni mapema kidogo, pale vijiti vinapoigusa soseji.