Dozi ya bakteria imeisha, mbona tumbo bado linajaa?

Hili swali naulizwa sana kwenye meseji, nikaona bora niliandikie hapa mara moja. Mtu kahangaika na tumbo miaka, kaambiwa ana IBS, baadaye akaongezewa na SIBO, kapewa antibayotiki, kamaliza dozi yake vizuri kabisa, wiki za mwanzo raha tupu, halafu siku moja kaenda kwa shangazi yake Tukuyu kala kande na tumbo hilooo limesimama kama zamani. Hapo anaanza kusema dawa ni feki. Mi sio daktari, ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya, ila haya mawili ninayo yote na nimeyasoma mpaka daktari wangu ananitania nije nikae kwenye kiti chake.

Kwanza tuelewane. IBS ni utumbo ambao ukipigwa vipimo vya kawaida hauonekani una kidonda wala uvimbe, lakini mwendo wake haueleweki na neva zake zinasikia kupita kiasi, yani gesi kidogo tu ambayo mwenzio hata haimsumbui wewe unajikunja. Madaktari wanatumia vigezo vinavyoitwa vya Rome, vile vya 2016 vinasema maumivu ya tumbo yawe yanakuja walau siku moja kwa wiki ndani ya miezi 3, yawe yanaendana na choo, na tatizo liwe lilianza si chini ya miezi 6 nyuma. SIBO ni kingine, hiyo ni bakteria kuwa wengi kwenye utumbo mwembamba. Bakteria wenyewe sio wabaya, kule utumbo mpana wamejaa na tunawahitaji, ila huku juu wanatakiwa wachache, sasa wakijazana wanakutana na chakula kabla mwili haujamaliza kukinyonya, wanakichachua, ndo hiyo gesi. Ikikaa sana hata vitamini B12 inaweza kupungua mwilini.

Tatizo dalili zinafanana. Kujaa, kuunguruma, kuharisha, au kukosa choo siku kadhaa. Na huku kwetu kabla hujafika kwenye hayo majina unapitia njia ndefu, kila ukienda kituoni unatolewa damu kidogo unaambiwa una taifodi na UTI, unapewa dozi, mwezi ujao tena taifodi. Kipimo cha Widal kikisema ndiyo mara moja hakitoshi kusema una taifodi, kinaweza kusoma hivyo kwa sababu nyingine kabisa. Nje ya taifodi kuna amiba, basi Flagyl inatembea kwenye familia kama chumvi, mtu tumbo likinguruma anachukua mbili za jirani. Hiyo iacheni jamani. Kuna wanaopata nafuu ya siku chache kwa sababu kweli inapunguza baadhi ya bakteria, wanadhani amiba imekufa, kumbe tatizo lenyewe halijaguswa.

Kilichonisaidia mimi kwa daktari ni futi yangu ya kazini. Nikawa najipima kiuno asubuhi kabla ya chai na jioni nikifunga cherehani, naandika na nilichokula. Kuna siku tofauti ilikuwa inchi tatu nzima, na kwenye daladala ya Uyole kina mama wananipisha kiti wakidhani nina mimba, na mimi nakaa, nikatae kiti kwa nini. Daktari alivyoona lile daftari maswali yalibadilika, akaacha kuniuliza "inauma wapi" akaanza kuuliza baada ya kula inachukua muda gani, ugali ukoje ukilinganisha na chapati, usiku inaniamsha au hainiamshi.

Kuna kipimo cha pumzi. Siku moja kabla unakula vyepesi, wali mweupe na kuku asiye na viungo, usiku unalala bila kula, asubuhi unakunywa sukari maalumu, glukosi au laktulosi, kisha unapuliza kwenye kifuko au mashine kila baada ya dakika 15 au 20 kwa saa mbili tatu hivi. Haidrojeni, gesi wanayoitoa hao bakteria, ikipanda kwa 20 au zaidi kwa kipimo chao ndani ya dakika 90 wanasema SIBO ipo. Hospitali niliyokwenda hawakuwa nacho. Na hata penye nacho kina ubishi, mwaka 2000 Mark Pimentel na wenzake kule Los Angeles walikitumia cha laktulosi kwa wagonjwa 202 wa IBS wakakuta 157 wana dalili za bakteria kuzidi, watu wakashtuka, wengine wakauliza je kama utumbo wa mtu unakimbiza vitu haraka na ile sukari ikawahi kufika utumbo mpana, si itasoma hivyo hivyo? Ubishi huo haujaisha. Ndo maana daktari mwingine anaangalia historia yako na vipimo vingine kwanza, choo, damu, bakteria wa vidonda vya tumbo, kisha anaamua kukupa dawa au kutokukupa.

Halafu kuna methani, gesi nyingine ya tumboni. Wanaoitoa hata sio bakteria, ni vijidudu vya kundi jingine linaloitwa akea, na mara nyingi hao ndo wanaendana na kukosa choo. Dawa yao inaweza kuwa mchanganyiko wa mbili, kwaiyo dawa iliyomponya shemeji yako anayeharisha sio lazima ikufae wewe usiyepata choo.

Dawa inayosemwa sana ni rifaksimini, inabaki zaidi ndani ya utumbo, inaingia kidogo sana kwenye damu. Marekani waliipitisha 2015 kwa IBS ya kuharisha, miligramu 550 mara tatu kwa siku kwa wiki mbili. Bei yake ni ya kukaa chini na famasi niliyozoea hapa mjini hawakuwa nayo, ikaagizwa Dar. Sasa sikiliza hapa, kwenye tafiti kubwa zilizotolewa 2011, waliopata nafuu ya kutosha kwa dawa ni kama 41 kwa kila 100, na waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani ni kama 32. Inasaidia, lakini sio muujiza, na hata waliosaidiwa wengi dalili huwarudia. Ukijua hizo namba kabla hujalipa hutamtukana mfamasia.

Kwa hiyo jibu langu kwa anayeuliza mbona bado: dawa ilipunguza bakteria, haikugusa kilichowafanya wajazane, na haikugusa IBS.

Kinachowafanya wajazane mara nyingi ni mwendo. Utumbo mwembamba ukiwa mtupu una mawimbi yake ya kusafisha, yanakuja kila dakika 90 hadi saa mbili hivi, yanasukuma mabaki na bakteria kwenda chini. Ukila yanasimama. Ni kama wafagiaji wa soko, hawawezi kufagia wakati wauzaji bado wamepanga nyanya chini. Sasa fikiria maisha ya fundi, saa nne chai ya maziwa na andazi, saa tano mteja kaleta karanga, saa saba wali, saa tisa muwa, saa kumi na moja kahawa na kashata, utumbo haupati nafasi hata moja. Mi nimebadilisha hicho tu kabla ya kingine chochote, nakula milo mitatu yenye saa nne mpaka tano katikati, maji ruksa, usiku sili kuchelewa. Hii ilinipa zaidi ya lishe zote nilizojaribu. Ila kama una kisukari na unatumia dawa usinifuate bila kumuuliza daktari. Na kama unameza omeprazoli mwaka wa tatu huu kwa sababu ulishawahi kuambiwa una vidonda, muulize kama bado unaihitaji, maana asidi ya tumbo ni ulinzi mmojawapo dhidi ya hao bakteria.

Haya, chakula. Ile lishe ya FODMAP ndogo, yani kupunguza aina za sukari na wanga ambazo utumbo haunyonyi vizuri na bakteria wanazichachua, imetoka Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, na watu wanaielewa nusu. Unapunguza wiki 2 hadi 6 kisha unarudisha kimoja kimoja uone kipi hasa kinakusumbua. Sio ya maisha, ukikaa nayo moja kwa moja unakonda na hata bakteria wazuri wanakosa chakula. Kwa bahati sisi wa huku tuna pa kuanzia, ugali wa mahindi, mchele wa Kyela, viazi mviringo, mayai, samaki, kuku, karoti, spinachi, machungwa, vitumbua vya mchele badala ya maandazi. Mateso yako kwenye vitunguu, vitunguu saumu, maharage, njegere, ngano, maziwa, embe, na yale mapeasi ya Njombe. Parachichi pia, samahani sana watu wa Rungwe, kipande kidogo kinapita ila sio lote na chumvi kama tulivyozoea.

Kitunguu saumu kina ujanja. Kile kinachotusumbua kinayeyuka kwenye maji, kwenye mafuta hakiyeyuki, kwaiyo kaanga punje kwenye mafuta, toa punje zote kabla hujaweka nyanya, ladha inabaki. Kwa kitunguu maji tumia majani yake ya kijani. Maharage loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa mengine, na anza na vijiko viwili sio bakuli. Najua Mbeya maharage yanachelewa kuiva, tuko mita kama 1,700 juu na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndo maana watu wanaruka kuloweka wanatupia magadi, lakini kwa tumbo letu kuloweka usiruke.

Lishe sio ngumu kama watu. Msibani unapewa sahani ya kande, mama mkubwa amesimama pembeni, "mwanangu, hata kijiko?" Ukisema IBS utaonekana umesoma sana. Mi nasema "mama mkubwa, tumbo limevurugika, naomba chai ya rangi tu", inaeleweka palepale na hakuna maswali.

Kujua kipi kimerudi, IBS au SIBO, mi naangalia hivi, na hiki ni kipimo changu sio cha kitabuni. Januari msimu wa sare za shule, wazazi wanapiga simu usiku, tumbo linakata na nikipata choo linaachia, hiyo nahesabu ni IBS, nalala mapema, natembea mpaka Kabwe jioni, vidonge vya mafuta ya minti vinasaidia kidogo, siendi kuomba antibayotiki. Lakini futi ikianza kupanda taratibu wiki baada ya wiki, na nimekula vile vile vya salama, na hata wali mtupu unanijaza, hapo nabeba daftari narudi kwa daktari.

Ukiona damu kwenye choo, unakonda bila kutaka, damu imepungua, homa, kuharisha kunakokuamsha usiku, au umevuka 50 ndo linaanza sasa, funga hii blogu ya fundi cherehani uende hospitali leo.