Rangi ilivyojificha kwenye TV ya black and white

Utotoni nilichapwa kwa kurushia mate kioo cha TV. Sio utundu tu jamani, niligundua tone likitua kwenye kioo cha ile TV ya chogo linakuza kama lenzi, unaona vidoa vyekundu, kijani na bluu, basi, hakuna kingine, na hapo mtangazaji kavaa shati jeupe peee. Sasa weupe unatoka wapi? Nilikuja kuelewa ukubwani.

Watu wengi wanadhani rangi ilikuja baadae sana, kumbe ilianza kujaribiwa mapema mno. John Logie Baird, yule mvumbuzi Mskoti wa TV, alitumia diski ya Nipkow (Mjerumani aliyeisajili tangu 1884), ina matundu yaliyojipanga kama gamba la konokono, ikizunguka kila tundu linasoma mstari mmoja wa picha. Oktoba 1925 akapata sura ya kwanza ya maana, ya mdoli, maana taa zilikuwa kali hatari. Alivyoona imekubali akateremka mbio ghorofa ya chini akamkamata kijana wa ofisini akamkalisha mbele ya zile taa. Januari 26, 1926 akawaonyesha wanasayansi London, mistari 30 tu, yaani sura inatambulika kwa shida. Na Julai 1928 jamaa tayari kaonyesha rangi, diski ileile ila matundu yamewekewa vichujio vya nyekundu, kijani na bluu!

Diski zenyewe hazikufika mbali, mvumbuzi mwingine, Farnsworth, kule San Francisco alishatuma mstari mmoja kwa umeme mtupu mwaka 1927, hamna kinachozunguka, na huko ndiko dunia ilikoelekea.

Ila utamu wenyewe uko Marekani. Mwaka 1950 FCC (mamlaka ya mawasiliano ya huko) iliupitisha mfumo wa rangi wa CBS, kampuni ya utangazaji, nao una gurudumu la vichujio linazunguka mbele ya skrini (ndio, gurudumu tena). Rangi zilikuwa safi tu, tatizo mwenye TV yake ya zamani haoni kitu, hata black and white haoni, na watu walishanunua mamilioni ya hizo TV. Matangazo yakaanza Juni 1951, Oktoba hiyohiyo yakafa. Mie nasema yalistahili, huwezi kumwambia mtu atupe TV aliyoinunua juzi.

RCA, kampuni ya kutengeneza TV, wakaja na akili nyingine. Wao mwanga wa picha wanautuma vilevile kama zamani, halafu habari ya rangi wanaipachika humohumo kwenye mawimbi yaleyale, TV ya zamani inachukua mwanga na rangi inaipuuza, TV mpya inachukua vyote, alafu bunduki tatu za elektroni (vifaa vya kurusha miale ndani ya TV) zinapiga vile vidoa vyangu vya utotoni, vikiwaka vyote kwa kipimo chake jicho linaona nyeupe. FCC ikaupitisha Desemba 17, 1953. TV ya kwanza ya RCA ya mfumo huo ilikuwa dola 1,000 kwa skrini ya inchi 15, kwahiyo wengi waliendelea tu na za zamani, na zilifanya kazi.

Ujerumani Magharibi wao walisubiri hadi Agosti 25, 1967. Willy Brandt, makamu wa kansela wakati huo, akaandaliwa kitufe kikubwa chekundu abonyeze mbele ya kamera ili rangi ianze. Kitufe chenyewe geresha, hakijaunganishwa na chochote, kazi inafanywa na fundi huko nyuma, na fundi akawahi. Brandt ndio kwanza anapeleka mkono, picha ikawa tayari ina rangi.