Vile nilivyounga pampu ya Italia kwenye kibwawa cha mamangu bila kuhatarisha mtu

Mamangu alilelewa Lamu kwenye nyumba ya mawe, na ndani ya nyumba ile kulikuwa na birika lenye samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, kwa hivyo tangu tuhamie Barani hapa Malindi alikuwa akiniambia mwanangu nijengee hata kakibwawa kadogo pale chini ya mwarobaini nisikie maji. Mwaka jana nikajenga, mawe na simiti, kina cha kama futi mbili. Bosi wangu wa zamani, Muitaliano niliyekuwa namfanyia kazi za nyumba, alipokuwa akirudi kwao akanipa pampu ya bustani iliyokuwa kwenye villa yake, nikashukuru sana manake mpya ni pesa nyingi.

Jambo la kwanza nilisoma ile lebo ya mgongoni kabla ya kitu chochote. 230V, 50Hz, 85W, na IPX8, yaani inaweza kukaa ndani ya maji. Hapa kwetu stima ni 240V na 50Hz, kwa hivyo pampu ya Ulaya inakubali bila taabu, lakini ingekuwa imetoka Marekani ingeandikwa 115V 60Hz na hiyo ukiichomeka hapa moja kwa moja inaungua, hata kubadilisha plagi hakuisaidii. Kwa hivyo soma lebo jamani, ukiwa umepewa na nduguyo wa nje soma kwanza.

Shida ilikuwa plagi. Ilikuwa na zile pini mbili nene za duara, na ubavuni ina vibati viwili vya chuma, na vibati hivyo ndiyo erthi yake, ile njia ya kupeleka ardhini stima ikivuja. Soketi zetu hazina mahali pa kugusana na vibati hivyo. Nikaita kijana mmoja fundi wa mtaani, akaangalia akasema dada hii ni dakika mbili tu, akatoa biro mfukoni akaisukuma kwenye tundu la juu la soketi, vile vifuniko vya ndani vikafunguka, akataka kupachika zile pini mbili kwenye matundu ya chini. Nyinyi nyote mshawahi kuona hii, kwa chaja ya simu watu wanafanya kila siku. Nikamshika mkono nikamwambia hapana. Lile tundu la juu ndilo la erthi, na ukipachika hivyo pampu inazunguka vizuri kabisa lakini haina erthi, na hii inakaa ndani ya maji ambamo watoto wa dadangu wanatia mikono kutwa nzima. Hakukasirika lakini aliona nimekuza mambo.

Basi nikamtafuta mzee mmoja fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali ya kawi, nimemlipa zaidi na sijuti hata senti. Hakuanza na pampu. Alianza na soketi ya nje, akafungua, waya wa kijani na manjano upo, akaufuata mpaka kwenye ile nondo ya erthi iliyochomekwa chini nyuma ya jikoni, kumbe klampu imeliwa na chumvi mpaka ukiigusa inamong'onyoka. Nyumba iko mbali na ufuo lakini upepo wa bahari hapa unafika kila mahali. Akaweka klampu ya shaba, akapima ukinzani wa erthi, akapata kama om 160, akaniambia mwanangu hii ardhi yetu ya matumbawe na mchanga wakati wa kaskazi inakauka, haipitishi stima vizuri.

Hapo ndipo akanifundisha kitu ambacho miaka yote sikukijua. Mimi nilidhani ukishakuwa na erthi, stima ikivuja breka inakata. Akaniandikia kwenye kikaratasi, 240 gawanya kwa 160 ni ampea moja na nusu. Breka ya soketi zetu ni ya ampea 20. Haikati! Itakaa hapo, pampu inavuja, maji yana stima, na breka iko sawa tu imetulia. Kinachokuokoa ni RCD, kile kifaa chenye kitufe cha testi, kinalinganisha stima inayotoka na inayorudi, na inayorudi ikipungua kwa miliampea 30 kinakata mara moja. Na nikamuuliza je nikiwa na RCD bila erthi, akasema inafanya kazi lakini inangoja mpaka mtu aguse ndiyo ihisi, wewe unakuwa ndiyo waya, ukiwa na vyote viwili inakata kabla mkono haujafika. Hicho kikaratasi bado ninacho.

Halafu sasa pampu yenyewe. Akaitumbukiza na kebo yake kwenye ndoo ya maji, bila kuunganisha na stima, ikalala usiku kucha, asubuhi akaja na mega yake, kile kifaa cha kupima kama stima inavuja kutoka kwenye waya, akapima kati ya waya wa moto na erthi, ikasoma mega-om 0.2. Akatingisha kichwa, inatakiwa isipungue 1, na pampu isiyo na hitilafu inapita hata mia. Mimi nilikata tamaa nikajua ndiyo basi, lakini yeye akaanza kuipapasa ile kebo pole pole kutoka kwenye pampu, na kama mita 6 hivi akakuta uvimbe, akakwangua, kumbe kule villa kuna mtu aliiongeza urefu akazungushia tepu nyeusi tu na ile jointi ilikuwa inalala chini ya maji. Tepu ndani ya maji haizuii kitu, maji yanapenya taratibu. Akakata pale pale, akatupa kipande cha juu, akapima tena, ikapita mia. Kwa kibwawa chetu mita 6 zinatosha, nikafurahi nusura nilie.

Kuunga ndiyo ilikuwa kazi ndogo. Rangi ni zile zile za hapa, kahawia L (wa moto), buluu N (wa kurudi), kijani na manjano erthi. Plagi mpya ya pini tatu, ila dukani inauzwa na fyuzi ya ampea 13 ndani, akaitoa akatia ya 3, kwa sababu pampu ya wati 85 haili hata nusu ampea na kebo yake ni nyembamba, ikipata hitilafu fyuzi ya 13 itaacha kebo iive. Soketi ikaingia kwenye boksi lisiloingia maji, chini ya upenu, juu kidogo ya kimo changu, na kebo ikaachwa ining'inie chini kwanza ndipo ipande kuingia kwenye boksi ili tone la mvua lidondokee chini lisifuate kebo mpaka kwenye plagi. RCD ikakaa ndani kwenye bodi.

Maji natia ya mfereji, ya kisima chetu yana chumvi na yangeila pampu.

Tulipowasha mara ya kwanza fundi alibonyeza testi kabla ya mtu yeyote kusogea, tak, ikakata, akairudisha, maji yakaruka. Mamangu hakusema kitu, alikaa tu pale kwenye mkeka mpaka isha. Samaki wako tisa sasa, na mbu sijawaona kwenye yale maji. Tarehe moja ya kila mwezi mama ndiye anayebonyeza testi mwenyewe, na kabla ya mtu kutia mkono kutoa majani ya mwarobaini anaita kutoka ndani, "Plagi umeitoa?", na mpaka aione mkononi mwako hakuruhusu.