Albamu Iliyolipiwa Kabla ya Kurekodiwa

Mkataba ulikuwa kwenye mkoba wa gitaa, bado sijautia sahihi. Kampuni moja ya muziki ya Nairobi ilikuwa tayari kunigharamia albamu ya kwanza, ila rekodi zote zingekuwa mali yao, pamoja na nusu ya mirabaha ya utunzi. Jibu walilitaka Jumatatu. Jumamosi nilikuwa na shoo Naivasha, kwenye klabu ya nyama choma.

Mashabiki wa country, muziki wa Marekani ninaoupiga, hapa Kenya wanajulikana wanachotaka: Jim Reeves, Kenny Rogers, Don Williams. Mzee ameuza maziwa yake, ameketi na familia, anataka nyimbo alizozisikia redioni akiwa kijana, na anazijua neno kwa neno. Sir Elvis, mwimbaji wa hapa kwetu, amewazoesha wengi kumwona Mkenya akiimba country jukwaani, na namshukuru sana. Lakini nyimbo zangu mwenyewe nilikuwa nazichomeka katikati, watu wakiwa wanaagiza vinywaji.

Wiki nzima nilikuwa namwaza John Prine, mwimbaji na mtunzi wa Marekani. Alikuwa mgawa barua wa posta kule Illinois, akitunga nyimbo huku akipita nyumba kwa nyumba. Kris Kristofferson, mwimbaji aliyekwisha kupata jina, alimsikia Chicago, akamfungulia mlango, na mwaka 1971 albamu yake ya kwanza ikatolewa na kampuni kubwa. Sifa alipata tele, mauzo hayakulingana nazo. Basi mwaka 1981, yeye na meneja wake wakaanzisha kampuni yao, Oh Boy Records, na mashabiki wakamtumia pesa za albamu kabla hajairekodi. Albamu yake ya 1991, chini ya kampuni hiyo hiyo, ikamletea tuzo ya Grammy. Kama watu walimwamini kwa njia ya posta, mimi mwenye M-Pesa nashindwa nini?

Seti ya pili nikaanza na wimbo wa lori la baba, lililobeba maziwa kutoka Kinangop, na jinsi tulivyolisukuma kwenye tope watoto wote. Nilipomaliza nikawaeleza habari ya mkataba, nikawaomba shilingi mia tano kila mtu, nikataja namba yangu.

"CD iko wapi?" akauliza mtu wa meza ya nyuma.

"Haipo bado, ndugu yangu. Mnainunua ndiyo iwepo."

Simu nilikuwa nimeiweka juu ya amplifaya. Ujumbe wa kwanza ulipoingia ikatetema, ikagonga chupa ya soda iliyokuwa kando. Mpiga besi akanitazama. Ukaingia mwingine. Kabla hatujafika korasi ya wimbo uliofuata, chupa ilikuwa inalia nje ya mdundo kabisa, mpaka mpiga ngoma akanyoosha mkono akaiondoa.

Tukifunga vyombo, mzee mmoja akaja na noti ya elfu aliyoikunja mara nne. "Mwanangu, mimi mambo ya simu siyawezi. Shika. Ila huko studio wasije wakaufupisha ule wa lori. Pale linapokwama mlimani, pasiguswe."

Pesa za usiku ule hazikutosha studio. Zilihitajika shoo nyingine nyingi, Nakuru, Nyahururu, Limuru, kila mara nikiomba vile vile. Lakini Jumatatu niliwapigia wenye mkataba nikawaambia asanteni, sitasaini. Wimbo wa lori haukukatwa hata mstari mmoja. Unakwenda zaidi ya dakika sita, na rekodi yake ni yangu.