Nyumba Namba 7, Great George Street

Kutoka kituo cha treni cha Temple Meads tulipanda basi, maana magoti ya mjomba hayataki tena vilima, na Bristol ni mji wa vilima. Mjomba alikuwa amekuja Uingereza kutusalimu. Wiki nzima tulikuwa tumemzungusha madukani mpaka akachoka, nikaona bora nimpeleke kuona nyumba ya tajiri wa sukari. Yeye amemaliza ujana wake kwenye kiwanda cha sukari kule kwetu, kwa hiyo alikubali mara moja.

Great George Street ni mtaa mfupi unaochepuka kutoka Park Street na kuelekea kilima cha Brandon. Namba 7 haina makuu. Uso wake ni wa jiwe la Bath, lile jiwe la chokaa lenye rangi ya asali, umenyooka bila roshani wala nakshi nyingi. Ilijengwa kati ya 1788 na 1791 kwa ajili ya John Pinney, na mchoraji wa ramani yake alikuwa William Paty, wa ukoo wa wajenzi na wachonga mawe waliojenga sehemu kubwa ya Bristol ya wakati ule. Zama hizo za wafalme walioitwa George, 1714 hadi 1830, wajenzi waliamini kwamba uzuri wa nyumba ni vipimo. Madirisha yamepangwa kwa mstari, ya kusukuma juu na chini, yenye vioo vidogovidogo. Yale ya ghorofa ya kwanza ni marefu, kwa sababu huko ndiko wageni walikokaribishwa; kadiri unavyopanda yanazidi kuwa mafupi. Ukiwa barabarani tu unaweza kukisia nani alikaa wapi.

Siku hizi ni makumbusho ya jiji, tangu miaka ya 1930. Siku hiyo hatukulipa kiingilio. Mjomba alivua kofia mlangoni kama anaingia nyumbani kwa mtu.

Vyumba vya juu sitavieleza sana. Ni vizuri, dari ndefu, plasta nyembamba ya kistaarabu, samani za mbao nzito zilizong'arishwa, sebule mbili zinazoweza kufunguliwa zikawa ukumbi mmoja wa karamu. Kuna chumba cha kazi alichokaa Pinney na vitabu vyake vya hesabu. Inasemekana washairi Wordsworth na Coleridge walikutana kwa mara ya kwanza humu mwaka 1795. Wazungu waliokuwa mbele yetu walisimama hapo muda mrefu. Mjomba akanivuta shati: "Mpwa wangu, hawa walikula nini? Twende jikoni."

Tukashuka chini ya ardhi, na huko ndiko nyumba inakoanza kusema. Kuna jiko lenye meko makubwa na chuma cha kuzungushia nyama, kuna chumba cha kufulia, na kuna bafu la maji baridi, ambalo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Ni shimo lililojengwa kwa mawe, lenye vidato vya kushukia, la kina cha kumzamisha mtu mzima. Waungwana wa wakati huo waliamini kwamba kujitumbukiza kwenye maji baridi asubuhi kunaimarisha mwili, na Pinney alikuwa na la kwake humo. Nikaweka mkono kwenye ukuta. Baridi yake ilipanda mpaka kwenye kiwiko.

Pesa za yote hayo zilitoka Nevis, kisiwa kidogo cha Karibi, kwenye shamba la Pinney lililoitwa Mountravers. Waliolima walikuwa watumwa wenye asili ya Afrika. Pinney aliishi huko karibu miaka ishirini, akarudi Uingereza mwaka 1783 akiwa tajiri, kisha akafungua biashara ya sukari Bristol na James Tobin, mtu aliyeandika vijitabu vya kutetea utumwa.

Sukari ya wakati ule iliuzwa kwa donge gumu lenye ncha, ukipenda sukari guru ila nyeupe, na ilikatwa kwa koleo. Mjomba ndiye aliyenieleza jambo ambalo maandishi ya ukutani hayakulitilia uzito: muwa ukishakatwa haungoji. Usipokamuliwa ndani ya siku moja au mbili, utamu unaharibika. "Ndiyo maana msimu wa mavuno hakuna usiku," alisema. "Sisi tulikuwa na zamu, na mshahara mwisho wa mwezi. Hao je?" Huko Nevis miwa ilikamulwa kwa vinu vya upepo, na juisi ilichemshwa usiku na mchana.

Pinney aliporudi, hakuja na pesa tu. Alikuja na Pero, mtumwa aliyenunuliwa naye mwaka 1765 akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili; siku hiyo Pinney aliwanunua pia dada wawili wa Pero, Nancy na Sheba. Pero alikuwa mtumishi wake binafsi. Alifariki 1798 bila kuachiwa huru. Katika nyumba hiyohiyo alikuwepo Fanny Coker, aliyezaliwa mtumwa Mountravers, akapewa uhuru mwaka 1778, akaendelea kuitumikia familia kama mtumishi wa kike hadi alipofariki 1820. Mmoja huru, mwingine la, na wote wakipanda na kushuka ngazi zilezile. Mimi hilo linanisumbua kuliko minyororo ya kwenye picha.

Pinney mwenyewe alifariki 1818. Mwanawe Charles alikuwa meya wa Bristol wakati wa ghasia za 1831. Utumwa ulipofutwa kwa sheria ya 1833, serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia, na walipwaji walikuwa wenye watumwa, Charles akiwa mmojawapo.

Tulimalizia bandarini, kwenye daraja la waenda kwa miguu lililofunguliwa 1999 na kupewa jina la Pero. Lina pembe mbili kubwa za chuma, ambazo ni uzito wa kusawazisha sehemu ya kati inapoinuliwa kupisha mashua. Mjomba, mtu wa mitambo, alisahau historia yote akaanza kutafuta injini iko wapi. Kisha akauliza kwa nini Fanny hana daraja. Tukabishana juu ya hilo mpaka stesheni, yeye akitaka lijengwe jingine, mimi nikisema ingetosha jina lake liandikwe mlangoni pa namba 7, kwa herufi kubwa kama za Pinney.