Merikebu ya Paulo na Safari Zetu za Krismasi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimebanwa na Matendo ya Mitume sura ya 27. Tumo katika Majilio, majira ya kuingoja Krismasi, na masomo ya majira haya ni Isaya na Luka; hayo tunayasoma. Lakini kila ninaposikia familia zilizo katika nchi za theluji zikipanga safari ya Krismasi, zikihesabu saa za barabarani na kusema "lazima tufike mkesha", moyo unanirudisha kwenye ile merikebu iliyokuwa ikimpeleka Paulo Rumi akiwa mfungwa.

Mnayakumbuka yaliyotokea. Siku ya kufunga ilikuwa imekwisha kupita, nayo huangukia Septemba au Oktoba. Mabaharia wa zama zile walijua kwamba kuanzia Novemba hadi Machi bahari ile haichezewi, na vyombo vingi vilikaa bandarini. Paulo akawaonya wasiendelee na safari. Akida, yaani afisa wa Kirumi aliyewalinda wafungwa, akawasikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Luka, mwandishi wa Matendo, anaongeza kwamba bandari haikuwa nzuri ya kukaa wakati wa baridi, na walio wengi wakashauri waondoke. Kisha upepo wa kusini ukavuma kidogo, wa kupendeza, wakang'oa nanga. Baada ya wiki mbili watu 276 walikuwa wakitupa ngano baharini ili roho zao zipone.

Sura ile haimtaji mlevi wala mwovu aliyesababisha hasara. Zilikuwapo sababu tatu nzuri tu: tunakokwenda ni pazuri zaidi, walio wengi wamekubali, na hali ya hewa kwa saa hizi imetulia. Sababu hizo hizo tatu ndizo zinazowatia watoto wadogo kwenye barabara yenye barafu saa tano usiku wa tarehe 24 Desemba.

Naomba niseme kwa upendo, lakini niseme. Tuna mazoea ya kusimama nje ya gari, kushikana mikono, kujifunika kwa damu ya Yesu, kisha tunaingia na matairi yaliyokwisha, dereva aliyetoka kazini bila kulala, na mtoto aliyefungwa mkanda unaolegea. Halafu tunaiita imani. Shetani alipomwambia Bwana ajitupe kutoka kinara cha hekalu alinukuu Zaburi ya 91, ile ile tunayoipenda kabla ya safari, na Bwana akamjibu: "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Zaburi ile ni ya kweli. Kosa lilikuwa kuitumia kama ruhusa ya kuruka.

Hapa Paulo anatufundisha jambo ambalo nataka tukae nalo. Katika mstari wa 24 malaika amemwambia kwamba Mungu amempa wote wanaosafiri pamoja naye. Ahadi imetoka, haina shaka, hakuna atakayepotea. Mistari michache baadaye mabaharia wanashusha mashua kisirisiri ili watoroke, na Paulo yule yule aliyeipokea ahadi anamwambia akida kwamba hao wasipokaa ndani ya merikebu, ninyi hamtaweza kuokoka. Askari wakazikata kamba za mashua. Ndugu zangu, hakuona mgongano wowote! Mungu aliyeahidi uzima wao ndiye aliyetaka mabaharia wabaki kwenye kazi yao, kamba zikatwe, na watu wale chakula asubuhi ile ili wapate nguvu za kuogelea. Paulo aliliombea jambo na kulishughulikia siku moja, kwa kinywa kimoja. Kwa hiyo baba anayepiga magoti kupima upepo wa tairi wiki ya Krismasi hajatoka katika maombi, na mama anayesema "leo hatuendi, theluji ni nyingi" hajakosa imani. Amesema kama mtume.

Basi tushughulike. Anza na matairi siku tatu au nne kabla, wala usingoje asubuhi ya safari. Hewa husinyaa kwa baridi: kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, tairi hupungukiwa psi 1 hivi (psi ni kipimo cha upepo wa tairi). Gari lililojazwa upepo siku ya nyuzi 20, likaondoka siku ya nyuzi 5 chini ya sifuri, limeshapoteza psi 4 au zaidi bila tairi kutoboka. Pima kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likishapata joto kipimo hupanda na kukudanganya. Tazama pia kina cha mifereji ya tairi. Sheria za nchi nyingi hukubali mpaka milimita 1.6, lakini kwenye theluji milimita 4 ndicho kina cha kutegemea. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7, hata barabara ikiwa kavu, na ndiyo sababu ya kufunga tairi za majira ya baridi. Zifungwe zote nne. Ukifunga mbili za mbele tu, mbele itashika barabara na nyuma itateleza, na gari litageuka kwenye kona.

Kuhusu mtoto, hapa wengi tunakosea kwa sababu ya upendo. Tunamvika koti nene lililojaa, tunamfunga kwenye kiti chake, mkanda unaonekana umebana. Gari likigongwa, koti lile hubonyea na kubaki bapa, na mkanda uliokuwa umebana unabaki na nafasi kubwa ya mtoto kuchomoka. Mvue koti kwanza. Mfunge, kisha jaribu kuukunja mkanda kwa vidole viwili hapo begani. Ukiweza kuukunja, bado umelegea. Ukishakaza, mfunike blanketi juu ya mkanda, au mvike koti kinyumenyume, mikono ikitokea mbele. Mtoto atapata joto lile lile na mkanda utafanya kazi yake.

Barabarani, barafu inayoua ni ile nyembamba usiyoiona, ambayo unaidhania ni lami yenye unyevu tu. Madaraja hutangulia kuganda kwa kuwa baridi inapita juu na chini yake, kwa hiyo punguza mwendo kabla hujafika darajani, maana ukishakuwa juu yake breki haitakusaidia. Kwenye barafu gari laweza kuhitaji hata mara 10 ya umbali wa kawaida ili lisimame. Usiache tangi lishuke chini ya nusu. Beba beleshi dogo, mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya tairi, mablanketi kwa idadi ya watu, tochi, chakula kikavu, na maji katika chupa zisizojazwa hadi shingoni, kwani maji yakiganda hutanuka na kuipasua chupa. Simu iwe imejaa chaji na ikae mfukoni karibu na mwili. Betri huishiwa nguvu haraka kwenye baridi.

Mkikwama katika dhoruba ya theluji, mstari wa 31, ule wa kukaa ndani ya merikebu, mnaweza kuutii kama ulivyo: kaeni ndani. Watu hupotea hatua chache kutoka kwenye gari lao kwa sababu theluji inayopeperushwa huficha kila kitu, na gari huonekana kwa waokoaji kuliko mtu anayetembea. Lakini kabla ya kuwasha injini ili mpate joto, mmoja azunguke nyuma aondoe theluji kwenye ekzosi, yaani bomba la moshi, na arudie kila mara inapojaa. Ekzosi ikiziba, moshi hurudi ndani na kuleta hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Watu husinzia na hawaamki. Washa injini dakika 10 hivi kwa kila saa, ukiacha dirisha wazi kidogo upande usiopigwa na upepo. Zima, mkumbatiane, mwimbe, mwombe. Saa ikifika, rudia.

Wanaosafiri kwa ndege mambo yao ni machache. Chukueni ndege ya asubuhi mapema mkiweza, kwa kuwa ucheleweshaji hulimbikizana kadiri siku inavyokwenda. Acheni nafasi ndefu pale mnapobadilisha ndege, maana kunyunyizia dawa ya kuondoa barafu kwenye mabawa huongeza muda. Dawa za wagonjwa na maziwa ya mtoto viwe kwenye mzigo wa mkononi, na pawabenki vilevile, kwani hairuhusiwi kwenye mzigo unaokabidhiwa. Zawadi msizifunge kwa karatasi mpaka mfike. Wakaguzi wana haki ya kuzifungua.

Sasa nifike mahali penye mzizi. Kwa nini tunang'oa nanga wakati tumeshaonywa? Kwa sababu tumeifanya Krismasi kuwa usiku mmoja. Tukiukosa usiku ule tunaona tumeikosa sikukuu, na hofu hiyo ndiyo inayokanyaga mafuta. Kanisa halikutufundisha hivyo. Majira ya Krismasi yana siku 12, tangu 25 Desemba hadi 5 Januari, na tarehe 6 ni Epifania, siku ya Mamajusi, ambao nao walifika wamechelewa na hawakukemewa. Ndugu zetu wengi wa Kiorthodoksi wanaofuata kalenda ya Juliasi huadhimisha Kuzaliwa kwa Bwana tarehe 7 Januari, na Bwana anayeadhimishwa ni yule yule. Familia itakayofika tarehe 27, dhoruba ikiwa imepita na barabara imemwagiwa chumvi, imefika ndani ya Krismasi kabisa! Itaimba nyimbo zile zile, na wala haitakuwa inaimba mabaki.

Kwa hiyo zipangeni desturi zenu ziweze kusogea. Taji la Majilio lenye mishumaa minne, linalotokana na lile ambalo mchungaji Johann Hinrich Wichern aliliwasha kwa ajili ya watoto maskini huko Hamburg mwaka 1839, lina Jumapili nne. Msipokuwa nyumbani Jumapili ya nne, chukueni mishumaa midogo ya betri minne mkaiwashe mtakapolala. Ya moto iacheni. Matawi ya taji yakikaa wiki tatu kwenye nyumba yenye joto hukauka na kushika moto upesi, na chumba cha wageni si mahali pa kujifunza hilo. Pango la Noeli, ambalo Fransisko wa Asizi aliliandaa Greccio mwaka 1223 kwa hori, nyasi na wanyama, linaweza kusafiri pia: Yosefu, Mariamu na Mtoto tu, kila mmoja amefungwa kwenye soksi, ndani ya kopo gumu. Wengine wabaki. Mtoto Yesu asiwekwe horini mpaka usiku wa tarehe 24, popote mtakapokuwa, na Mamajusi mtakaowakuta nyumbani mkirudi wasogezwe kidogo kila siku kuelekea pangoni hadi tarehe 6. Watoto huisubiri kazi hiyo kuliko tunavyofikiri.

Na ule usomaji wa mkesha, Luka 2:1–20, hauchukui zaidi ya dakika chache. Unasomeka kwenye kiti cha uwanja wa ndege, hotelini, kwa jirani mliyelala kwake njia ilipofungwa. Asome mmoja, mdogo wa wote anayejua kusoma, kisha kila mtu amtaje mtu mmoja aliye mbali katika sala. Yosefu na Mariamu nao walikuwa safarini usiku ule, katika mwendo wa siku kadhaa kutoka Nazareti, na hapakuwa na nafasi katika nyumba ya wageni.

Kabla ya kufunga mlango, fungeni na bomba kuu la maji, na msizime kabisa mtambo wa joto. Uacheni kwenye nyuzi 12 au 13, vinginevyo maji yaliyobaki kwenye mabomba yataganda na kuyapasua. Mti mbichi wa Krismasi hunywa takriban lita 1 kwa siku kwa kila sentimita 2.5 za unene wa shina. Kama hakuna wa kuumwagilia, chomoeni taa zake kwenye umeme. Kama sindano zake zinapukutika mkizigusa, mtoeni nje kabla hamjaondoka.

Neno la mwisho nawapa mnaopokea wageni, kwa sababu mara nyingi miguu ya dereva inasukumwa na sauti yenu kwenye simu. Tunasema "bibi atalia msipofika", "chakula kitapoa", "mwaka jana pia mlichelewa". Tunasema kwa mapenzi, na dereva aliyechoka huyachukua maneno hayo mpaka kwenye kona yenye barafu. Wenyeji wa Malta, kisiwa ambako merikebu ya Paulo ilivunjikia, hawakuwauliza wale 276 kwa nini wamefika siku ile. Waliwasha moto, wakawakaribisha wote, kwa sababu ya mvua na baridi, na Paulo mwenyewe akaokota kuni. Wageni wale walikaa miezi mitatu mpaka majira ya baridi yakapita. Pikeni chakula kinachoweza kungoja. Sogezeni siku ya kufungua zawadi mpaka wote wawepo, na watoto waambiwe mapema kwamba siku hiyo haijapangwa bado. Na simu ipigwe leo, kabla hawajafunga mizigo: waambieni wapumzike njiani wakichoka, walale wakizidiwa na theluji, na kwamba kitanda chao kitakuwa kimetandikwa tarehe 24, na 26, na 30, na hata tarehe 5 Januari.