Pua ya Bi Hazina

Tulipovunja kikoba chetu cha Tabata, Agosti 2025, kila mtu alichukua hisa zake na faida, kisha tukakuta mfuko wa jamii umebaki na hela. Mwaka ule hatukuwa tumefiwa wala kuuguza mtu wa kulazwa, basi hela zikawa zinatutazama tu. Nesi wetu akatoa wazo: twende Dodoma tukaonje mvinyo kulekule unakotengenezwa, twende na kurudi siku hiyohiyo.

Enzi za mabasi angeambiwa amechanganyikiwa. Dodoma ilikuwa safari ya kuaga watoto. Lakini treni ya umeme ilishaanza, nauli ya treni ya kawaida shilingi 31,000, na wengi wetu tulikuwa hatujaipanda. Nakiri kuwa wengine walikubali kwa ajili ya treni, wala si mvinyo.

Tuliyemhofia ni mweka hazina. Tunamwita Bi Hazina. Ana duka Kariakoo la udi, marashi na viungo, ni mtu wa swala tano, na pombe hajawahi kuigusa. Tukajua huyu atasema hapana na mambo yataishia hapo. Akatuangalia, akafunga daftari lake. "Nyie onjeni mvinyo wenu, mie nitakula zabibu. Ila risiti zote nashika mie."

Ya njiani nayaruka. Tulikula karanga, tukapiga picha, na kwenye mahandaki ya Kilosa wawili waliacha kuongea kabisa mpaka tulipotoka upande wa pili.

Shambani tulipokewa na kijana wa kiwanda kidogo, akatuamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Sisi wa Dar tukaitikia "Salama!" Akatufundisha kuitikia "Mbukwa", tukaendelea. Mizabibu ilikuwa imepandwa kwa mistari kwenye udongo mwekundu mkavu, vishada vinaning'inia usawa wa kiuno, vyeusi. Zabibu ya pale si ile ya supamaketi. Ganda lake gumu, kokwa zake kubwa, na utamu wake unashika vidole. Akasema aina ile inaitwa Makutupora, na kwamba kilimo chenyewe kililetwa na wamisionari Wakatoliki miaka ya hamsini.

Kilichonishangaza mimi ni habari ya kulala. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, ukivunwa ni mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mwenye kuamua ni mkulima na mkasi wake: akipogolea, mti unaamka, baada ya kama miezi minne anavuna. Ndiyo maana wana misimu miwili, mmoja mwanzoni mwa mwaka, mwingine huu tuliokuwa nao wa Agosti na Septemba. Nesi akauliza kwa nini basi wakulima wanalalamika. Kijana akajibu taratibu kwamba zabibu haisubiri mnunuzi. Ukikosa soko siku zile, imeoza. Ndiyo sababu wengine huzikamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu. Mchuzi! Tulicheka mpaka tukaaibika. Kwetu mchuzi una samaki ndani.

Ndani palikuwa na meza ndefu, chupa tano, na beseni la kutemea. Tulielekezwa: shika glasi kwenye mguu wake, zungusha, nusa, weka mdomoni, tembeza, tema. Mama mmoja wa Segerea, jina namhifadhia, akauliza kwa sauti, "Nimetoka Dar kuja kutema?" Hakutema hata tone, na beseni likabaki kavu upande wetu wote wa meza.

Shida ilikuwa maswali. "Mnasikia harufu gani?" Kimya. Mtu akasema, "Ya... zabibu." Mimi nilikuwa na maneno mawili tu, tamu na kali, nikawa nayapokezana.

Bi Hazina alikaa dirishani na sahani yake ya zabibu. Kijana, nadhani kwa utani, akamuuliza kama angependa kunusa tu. Akafikiri kidogo. Akasogea, mikono nyuma, akainama juu ya glasi yangu bila kuigusa. Ule mweupe akasema una limau na ubani kwa mbali. Mwekundu wa kwanza, ukwaju. Wa pili akarudia mara mbili: "Huu una karafuu. Mmetia karafuu?" Kijana akashika kichwa. Hawakutia kitu. Ule mvinyo ulikuwa umekaa kwenye pipa la mti wa mwaloni, na mti huo ndio unaoachia harufu ya karafuu.

Chupa ya nne mimi ndiye niliyeisifu. Nilisema, nakumbuka vizuri, "Huu sasa umekomaa." Wenzangu wakaitikia kwa vichwa, na nikaomba niongezewe. Bi Hazina akainama, akanyanyuka haraka.

"Hili ni gunia," akasema. "Gunia lililonyeshewa, likafungiwa stoo."

Kijana akanusa, akamwita mzee mmoja kutoka nyuma. Mzee akanusa glasi, akanusa kizibo, akaichukua chupa nzima bila kusema neno. Aliporudi na nyingine alieleza kwamba kizibo cha gamba la mti wakati mwingine huja na ukungu, chupa moja ikaharibika na jirani yake ikawa salama. Haimdhuru mtu, ila ladha imekufa. Akamtazama Bi Hazina, akamuuliza kama anatafuta kazi.

"Kariakoo pua yangu inanilipa, baba."

Nilinunua chupa mbili, yeye kilo tatu za zabibu. Kwenye treni ya kurudi mama wa Segerea alilala kabla hatujafika Kilosa na mahandaki hakuyaona. Bi Hazina akapitisha daftari la matumizi, kila mtu asaini mbele ya jina lake. Lilipofika kwangu nikakuta pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: *alisifu gunia*.

Nikasaini. Mpaka leo kwenye kikoba naitwa Mama Gunia.